Gesi ya ziada baharini igeuzwe amonia? Inawezekana, ila hesabu ya kaboni ianzie kisimani

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Nasikia kuna mpango wa kuchukua ile gesi inayochomwa bure kwenye visima vya mafuta baharini na kuigeuza amonia hukohuko juu ya meli, alafu wanaiita amonia ya kaboni ndogo. Hii kitu ipo kweli au ni maneno ya makampuni tu? Na kama shida ni kuuza gesi, si wafanye LNG (gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika) kama wengine, kwanini wahangaike na amonia?"

Ndugu yangu, nitajibu kwa urefu maana hapo umeuliza maswali matatu kwa mpigo na kila moja lina jibu lake. Kwa kifupi, kikemia hakuna ubishi, zaidi ya asilimia 70 ya amonia ya dunia, ile malighafi kubwa ya mbolea, inatengenezwa kwa gesi asilia na inayobaki karibu yote ni kwa makaa ya mawe, kwahiyo hakuna kipya hapo. Kuiweka kazi hiyo kwenye meli ni ngumu ila inafanyika. Ishu iko kwenye hilo neno "kaboni ndogo", maana halitoki kwenye mtambo wa amonia hata kidogo, linatoka sehemu mbili ambazo kwenye picha nzuri za meli huwa huzioni: ya kwanza, hiyo gesi ingekuwa inafanya nini kama usingeichukua, na ya pili, kaboni dioksaidi unayoitenganisha unaipeleka wapi. Nipe majibu ya hayo mawili nitakuambia amonia yako ni safi kiasi gani hata kabla sijaona mchoro wa meli.

Tuanze na gesi yenyewe. Kwenye visima vingi mafuta hayatoki peke yake, yanakuja na gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani yake kule chini kwenye presha kubwa, yakifika juu presha inashuka na gesi inajitenga, kama soda ukiifungua kifuniko. Aliyeko nchi kavu na bomba liko jirani anaiuza. Aliyeko baharini mbali na pwani, maji yana kina cha kilomita moja au mbili, gesi yenyewe sio nyingi, bomba halimlipi, kwahiyo anaitumia kidogo kuzalisha umeme wa kwake na inayobaki ama anairudisha chini ya mwamba kwa kompresa ama anaichoma. Benki ya Dunia wanaifuatilia mioto hii kwa satelaiti na kwa mwaka 2024 walipata kama mita za ujazo bilioni 151 zimechomwa duniani, bara na baharini kwa pamoja, kiwango kikubwa kuliko miaka yote tangu 2007, na hii ni miaka tisa baada ya kuzinduliwa ule mpango wa 2015 wa kumaliza uchomaji wa kila siku ifikapo 2030. Tani moja ya amonia inakula gesi karibu mita za ujazo 900 mpaka 1,000, kwahiyo ukipiga hesabu ya harakaharaka gesi yote hiyo ingetoa kama tani milioni 150 za amonia, wakati dunia nzima inatengeneza milioni 180 na kitu kwa mwaka. Inaumiza ukiiangalia hivyo. Lakini hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi, gesi yenyewe imetawanyika kwenye maelfu ya mioto na mingi ni midogo kiasi kwamba hakuna kiwanda kitakachokaa pale.

Alafu huo moto hauunguzi kila kitu, na hili watu wengi hawalijui. Kwa miaka mingi makampuni na serikali walikuwa wanachukulia kwamba moto wa gesi unaunguza asilimia 98 ya methani. Mwaka 2022 ukatoka utafiti kwenye jarida la Science, watafiti wamepima kwa ndege juu ya maeneo matatu ya mafuta huko Marekani, wakakuta kwa wastani inaharibiwa asilimia 91 tu, kwa sababu mioto mingine imezimika kabisa na gesi inatoka mbichi na mingine inaungua hovyo. Na methani ikiponyoka ina nguvu ya kupasha dunia kama mara 30 ya kaboni dioksaidi ukihesabu kwa miaka 100, ukihesabu kwa miaka 20 ni zaidi ya mara 80.

Sasa hapa ndo nataka utulie kidogo. Neno "ziada" linabeba gesi za aina tatu tofauti na watu wanazichanganya, wengine kwa makusudi. Kuna gesi ambayo kweli inachomwa leo, ukiichukua hii unazima moto, umesaidia kabla hata hujatengeneza amonia. Kuna gesi ambayo leo inarudishwa chini na iko salama mwambani, ukiichukua hii hujazima moto wowote, umefungua kitu kilichokuwa kimefungwa, kwahiyo huwezi kujihesabia sifa ya kuzima moto. Na kuna gesi ya uwanja wa gesi tupu ulio mbali ambao haujawahi kuchimbwa kwa sababu hauna soko, hiyo wengi wanaiita ziada lakini kiukweli ni uchimbaji mpya. Zote tatu zinaweza kutoa amonia nzuri, ila hesabu zake haziwezi kuwa moja, na kampuni ikitangaza tu "gesi ya ziada" bila kusema ni ipi kati ya hizo basi bado haijakuambia kitu.

Kwenye kutengeneza amonia nitapita kwa haraka. Methani inakutanishwa na mvuke wa maji kwenye joto la nyuzi 800 mpaka 900 mbele ya kichocheo cha nikeli, inavunjika inatoa haidrojeni na kaboni monoksaidi, hiyo kaboni monoksaidi nayo inapewa mvuke tena inageuka kaboni dioksaidi na haidrojeni zaidi. Unaiondoa kaboni dioksaidi, unaleta naitrojeni ya hewani, unavikandamiza pamoja kwa presha ya baa 100 mpaka 200 hivi au zaidi, nyuzi 400 na kitu, juu ya kichocheo cha chuma, unapata amonia. Hatua hiyo ya mwisho ni ileile ya Fritz Haber aliyoionesha 1909 na Carl Bosch akaikuza mpaka kiwanda cha kwanza cha BASF pale Oppau kikaanza 1913. Kila gesi ikipita mara moja ni kama asilimia 15 mpaka 20 tu ndo inageuka, inayobaki inazungushwa tena na tena.

Cha kushika hapo ni kaboni. Kiwanda cha kawaida cha gesi kinatoa kama tani 1.6 mpaka 1.8 za kaboni dioksaidi kwa kila tani ya amonia. Karibu theluthi mbili yake inatoka ndani ya mchakato wenyewe, ikiwa imeshajitenga karibu safi kabisa, kwahiyo kuikamata sio kazi kubwa, viwanda vinaifanya kila siku na wengi wanaitumia kutengeneza urea. Theluthi iliyobaki inatoka kwenye dohani la tanuru, pale unapochoma gesi kupata joto, na hiyo imechanganyika na naitrojeni nyingi, kuikamata ni ghali na mtambo wake ni mkubwa. Ndo maana kwa amonia ya kaboni ndogo wengi siku hizi wanaangalia njia nyingine ambapo badala ya tanuru la nje unaingiza oksijeni moja kwa moja ndani ya chombo, sehemu ya gesi inaungua humohumo na kutoa joto, kwahiyo karibu kaboni yote inaishia kwenye mkondo mmoja wenye presha na unaweza kukamata asilimia 95 au zaidi. Kwa meli hiyo ni faida mara mbili, maana tanuru la mvuke ni jengo zima lenye mamia ya mabomba marefu ya wima yaliyojaa kichocheo, yanazidi mita kumi kwenda juu, wakati hiki chombo cha oksijeni ni kimoja na kifupi. Ila lazima uwe na mtambo wa kutenga oksijeni kutoka kwenye hewa, na huo unakula umeme.

Tuje baharini sasa, hapa ndo kazi yenyewe ilipo.

Mtambo wa nchi kavu umesimama. Meli inacheza. Kuikamata kaboni dioksaidi unatumia mnara ambao kimiminika cha amini (kemikali inayofyonza kaboni dioksaidi) kinateremka kutoka juu kikikutana na gesi inayopanda, na ufanisi wote unategemea hicho kimiminika kusambaa sawasawa kwenye upana wote wa mnara. Meli ikilala upande hata nyuzi chache kimiminika kinakimbilia ukuta mmoja, gesi inapita upande wa pili bila kuoshwa, na kaboni inaanza kuingia kwenye chombo cha amonia, ambacho kichocheo chake kinauliwa na kaboni monoksaidi na kaboni dioksaidi na hata maji, tunazungumzia viwango vya sehemu chache kwa milioni. Mnara wa kutenga hewa una tatizo hilohilo. Dawa zipo, unagawa mnara kwa vipande vifupi na kwenye kila kipande unakusanya kimiminika unakisambaza upya, unaiweka minara katikati ya meli ambapo mchezo ni mdogo, unachagua vijazio vya mnara vilivyopimwa kwa mwendo wa bahari, unaongeza kimo. Meli zinazotengeneza LNG baharini zimeshapita njia hii na minara yao ya amini inafanya kazi, kwahiyo sio ndoto, ila kila mita unayoongeza kwa ajili ya usalama inaongeza uzito juu na meli inazidi kuyumba, wahandisi wanabishana na hilo mpaka mwisho wa usanifu.

Vichocheo navyo, ni punje, zikitikiswa miaka kwa miaka zinasagana na kutoa vumbi, zinashuka na kuacha nafasi tupu juu, gesi inatafuta njia rahisi. Kwahiyo tabaka za punje hizo ndani ya chombo zinabanwa kwa namna yake.

Lakini ukiniuliza mimi kitu kinachoua miradi hii zaidi ni gesi yenyewe kutotulia, kuliko hata mawimbi. Mtambo wa amonia unapenda kwenda mwendo mmoja mchana na usiku, kuuzima na kuuwasha kunachukua siku kadhaa, na wakati wa kuwasha gesi inayopita kabla mambo hayajakaa sawa inabidi ichomwe, yaani unarudi kwenye moto uleule uliokuja kuuzima. Sasa gesi inayotoka na mafuta haijui ratiba yako. Kisima kikifungwa kwa matengenezo inapungua, mafuta yakianza kuisha uwiano wa gesi unabadilika, miaka ya kwanza inaweza kuwa nyingi alafu inashuka kila mwaka wakati mtambo wako umenunuliwa kwa uwezo wa mwaka wa kwanza. Alafu inakuja na salfa, zebaki, maji, na gesi nzito kama propani na butani. Salfa inaua nikeli hata ikiwa kidogo sana, gesi nzito zinaacha masizi juu ya kichocheo kwahiyo unahitaji chombo cha kuzivunja kwanza. Vyote hivi vina suluhisho ila kila suluhisho ni tani nyingine ya chuma juu ya sitaha.

Kama unataka kujua ukubwa wa haya mambo angalia meli za LNG. Prelude ya Shell iliyoko kaskazini magharibi mwa Australia ina urefu wa mita 488 na upana mita 74, imeanza kusafirisha 2019, na Desemba 2021 kulitokea moto mdogo ukafuatiwa na umeme kukatika meli nzima, uzalishaji ukasimama miezi kadhaa. Nchi kavu umeme ukikatika kuna gridi na kuna kiwanda jirani. Baharini ni wewe na jenereta zako. Upande mwingine Coral Sul ya Msumbiji ilitoa shehena ya kwanza Novemba 2022 na imekuwa ikienda, ile ya Petronas ya Malaysia imeanza 2017. Kwahiyo viwanda vizito vya gesi vinavyoelea vipo na vinafanya kazi, na mtambo wa amonia wa tani milioni moja kwa mwaka, unaohitaji kama mita za ujazo bilioni moja za gesi kwa mwaka, ni mdogo kwa gesi kuliko hizo.

Hizo jenereta nazo usizisahau, maana meli ina mitambo ya kutenga hewa, kompresa za gesi, kompresa za kaboni, majokofu, pampu, kusafisha maji ya bahari yawe ya boila, na kama umeme wote huo unatoka kwenye mashine zinazochoma gesi ya kawaida na moshi unaenda angani basi ile asilimia 95 uliyokamata inaanza kuliwa. Njia nzuri ni kutumia mvuke, mtambo wa amonia unatoa joto jingi sana, na mashine za umeme ziweze kuchoma haidrojeni au ile gesi iliyoshaondolewa kaboni.

Sasa kaboni inaenda wapi. Mtambo wa tani milioni moja za amonia unakuachia kaboni dioksaidi kama tani milioni 1.7 kila mwaka. Huwezi kuipakia tu kwenye meli ukasema tutajua mbele. Baharini kuna bahati moja kubwa ambayo naiona ndo sababu halisi ya wazo hili kuwa na maana: chini yako tayari kuna mwamba uliofunga gesi kwa mamilioni ya miaka, una ramani zake za mitetemo, una visima, na mara nyingi juu au pembeni yake kuna mwamba mwingine wenye vinyweleo uliojaa maji ya chumvi. Norwe wamefanya hivyo Sleipner kuanzia 1996, wanatenga kaboni dioksaidi iliyokuja na gesi asilia na kuisukuma kwenye mwamba wa Utsira chini ya Bahari ya Kaskazini, karibu tani milioni moja kwa mwaka kwa miaka mingi, na kilichowasukuma ni kodi ya kaboni ambayo serikali iliiweka 1991, hawakuamka tu siku moja na huruma. Huko Brazil, meli za Petrobras kwenye bonde la Santos zinatenga kaboni dioksaidi juu ya sitaha na kuirudisha chini, mwaka 2022 peke yake zaidi ya tani milioni 10. Kwahiyo kutenga na kusukuma kaboni kutoka kwenye chombo kinachoelea ni kazi inayofanyika sasa hivi tunavyoongea.

Ila angalia tofauti. Santos kaboni inarudishwa kwenye mwamba uleule wa mafuta na inasaidia kusukuma mafuta zaidi yatoke. Kaboni inabaki chini, sawa, lakini mafuta ya ziada yaliyotoka yataunguzwa na mtu mahali fulani. Mradi wa amonia ukifanya hivyo kwa maoni yangu usiitwe wa kaboni ndogo mpaka hayo mafuta yaingie kwenye hesabu. Mwamba wa maji ya chumvi ni safi zaidi kihesabu lakini hauna anayekulipa, mpaka kuwe na kodi kama ya Norwe au malipo kama ya Marekani ambako kaboni iliyozikwa inapunguziwa kodi dola 85 kwa tani. Na lazima kaboni ikaushwe vizuri kabla ya kuingia kwenye bomba, ikikutana na maji inakuwa tindikali inakula chuma cha kawaida, alafu ibanwe mpaka zaidi ya baa 74 iwe nzito kama kimiminika, na kisima kifuatiliwe miaka mingi baada ya meli kuondoka. Nani anabaki na jukumu hilo meli ikishavutwa kwenda kwingine? Swali hili nataka liandikwe kwenye mkataba siku ya kwanza.

Nikupe hesabu moja inayonikosesha usingizi kwenye hii biashara. Tani moja ya amonia inatumia kama kilo 640 za methani. Tuseme umekamata asilimia 95 ya kaboni, kwenye dohani umeachia kilo 90 hivi za kaboni dioksaidi, safi sana. Lakini tuseme asilimia 2 ya gesi inavuja kwenye vali, kompresa na moto wa dharura. Hiyo ni karibu kilo 13 za methani, zidisha mara 30, unapata kilo 380 na kitu za kaboni dioksaidi kwa hesabu ya miaka 100, na kwa hesabu ya miaka 20 inavuka kilo 1,000. Yaani uvujaji ambao huuoni kwa macho unazidi mara nne ile kaboni iliyobaki kwenye dohani baada ya kuhangaika kukamata kwa mabilioni. Ulaya wameweka mpaka kwamba nishati ya kaboni ndogo ipunguze angalau asilimia 70 kutoka gramu 94 za kaboni dioksaidi kwa kila megajuli ya nishati, ukiigeuza kwa amonia ni kama kilo 520 kwa tani, sasa ona uvujaji peke yake umeshakula karibu robo tatu ya nafasi yote. Kwahiyo kabla ya kununua mtambo wa kisasa wa kukamata kaboni, funga vali zako, nunua kamera za kuona methani, pima kila wiki. Ni pesa ndogo kwa kulinganisha na mengine yote na bado ndo kitu ambacho kinaachwa nyuma.

LNG sasa. Umeuliza kwanini wasiifanye LNG na una haki kuuliza, maana kama lengo ni kusafirisha nishati tu LNG inashinda. Kutengeneza tani ya amonia unaweka gesi yenye gigajuli 32 hivi unapata amonia yenye gigajuli 18.6, umepoteza zaidi ya asilimia 40 njiani, LNG inapoteza kama asilimia 10 tu. Na kilo ya amonia ina nishati chini ya nusu ya kilo ya LNG. Faida ya amonia ni kwamba kaboni umeiacha palepale ilipotoka, penye mwamba wa kuizika, badala ya kuisambaza kwa wateja elfu ambao kila mmoja ataiachia kwenye dohani lake na hakuna atakayeikamata. Faida ya pili ni joto, LNG inahitaji nyuzi 162 chini ya sifuri, amonia inakuwa kimiminika kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, matangi yake ni rahisi zaidi na meli nyingi za kubeba gesi ya kupikia zinaweza kuibeba, bandari zaidi ya mia zinaipokea tayari. Na ya tatu, mnunuzi wa amonia hayupo kwenye karatasi tu, karibu asilimia 70 ya amonia inaenda kwenye mbolea na watu watakula kesho na keshokutwa. Ndo maana mimi nasema amonia hii iende kwanza kwenye mbolea na viwanda vya kemikali, ichukue nafasi ya amonia chafu iliyopo, kila tani inaokoa zaidi ya tani moja ya kaboni bila kuhitaji injini mpya. Kuchoma amonia kwenye mitambo ya umeme kama walivyojaribu Japani pale Hekinan mwaka 2024, asilimia 20 pamoja na makaa ya mawe, naelewa ila ni matumizi ya mwisho kwenye orodha yangu. Meli kutumia amonia kama mafuta iko katikati, injini zimeshaanza kutoka na IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa bahari, wametoa miongozo ya muda Desemba 2024, lakini lazima wadhibiti naitrasi oksaidi kwenye moshi maana hiyo nayo inapasha dunia mara 273 ya kaboni dioksaidi.

Usalama siwezi kuupita juujuu. Amonia inaua. Kwenye sehemu 300 kwa milioni hewani tayari inahesabiwa hatari ya papo kwa papo, na kimiminika chake kikimwagika hakipandi juu kama watu wanavyodhani kwa sababu eti amonia ni nyepesi kuliko hewa, kikiwa baridi na kimejaa matone kinatengeneza wingu zito linalotambaa chini. Dakar, Senegal, Machi 1992, tangi la amonia lilipasuka kwenye kiwanda cha mafuta ya karanga, walikufa watu 129 na wengine zaidi ya elfu moja wakaumia. Pale watu walikuwa na sehemu ya kukimbilia. Kwenye meli kuna watu mia au zaidi wanalala mita chache kutoka kwenye matangi na pembeni ni maji. Na kuna mtego wa usanifu hapo, meli hizi zimefungwa kwa pua na zinajigeuza zenyewe kufuata upepo, kwahiyo upepo mara nyingi unatoka mbele kwenda nyuma, ukiweka vyumba vya watu nyuma wanapelekewa wingu, ukiviweka mbele wanalala juu ya mabomba ya gesi ya presha yanayoingia kutoka chini ya bahari. Inabidi uchague na kulinda, ngome ya ndani yenye hewa yake, vifaa vya kugundua harufu kila mahali, pazia za maji. Na maji yenyewe yatumike kwa akili, ukinyunyizia kwenye mvuke yanaufyonza, ukimwagia kwenye dimbwi la amonia unalichemsha wingu linakuwa kubwa zaidi. Chuma cha matangi nacho kinaweza kupata nyufa kwa sababu ya amonia kavu kabisa, ndo maana inawekwa maji kidogo kama asilimia 0.2, na shaba haitakiwi kuigusa. Kupakia kwenye meli nyingine ubavu kwa ubavu kwenye mawimbi ndo dakika za hatari kuliko zote, mimi ningependa mabomba yenye kufunga yenyewe yakikatika na sheria ngumu ya kimo cha wimbi ambayo nahodha haruhusiwi kubembelezwa.

Kwahiyo ipo au ni maneno? Michoro ipo, mashirika ya kukagua ubora wa meli yameshatoa idhini za awali kwa baadhi ya miundo ya meli za amonia, ila idhini ya awali maana yake ni kwamba hawajaona sababu ya kuikataa, haimaanishi chuma kimekatwa. Vipande vyake vyote vimeshafanya kazi kila kimoja mahali pake, mtambo wa oksijeni bara, minara ya amini kwenye meli, kusukuma kaboni chini ya bahari, kubeba amonia baharini, kinachokosekana ni mtu wa kuviweka pamoja kwenye chombo kimoja na mnunuzi aliyesaini miaka 15 au zaidi kwa bei inayolipa. Nikitakiwa kubashiri, cha kwanza kitakaa kwenye uwanja wa gesi uliotulia wenye mwamba wa kuzika kaboni jirani, sio kwenye mwali wa kisima cha mafuta kama ulivyosikia, kwa sababu gesi ya mwali inayumba mno na mara nyingi ni kidogo, inahitaji visima kadhaa viunganishwe pamoja kwanza. Mioto midogo iliyobaki isiambiwe isubiri amonia, kompresa ya kurudisha gesi mwambani inanunuliwa leo na inazima moto ndani ya mwaka mmoja au miwili, na kampuni inayochoma gesi sasa hivi huku ikionesha picha ya meli ya amonia ya miaka kumi ijayo iulizwe hiyo kompresa iko wapi.